Mfereji hauli maji, unayawahisha: niliyoongea Kasulu kuhusu matope ya milimani

Watu kadhaa waliniomba niandike nilichoongea kwenye mkutano wa watumia maji wa bondeni. Nimeandika kama yalivyotoka mdomoni, na maswali nimeyaacha pale pale yalipoulizwa.

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, shikamooni. Vijana mpo? Haya.

Mwenyekiti kanibana muda, kuna watu wametoka Buhigwe na wanataka kuwahi gari, so naingia moja kwa moja. Nimeitwa niongelee mifereji yetu ya bondeni, lakini ntaanza mbali, kwenye milima ya baridi huko Ulaya, alafu nishuke Rwanda, alafu ndio nije hapa. Naona mzee wangu pale mbele ameshakunja uso. Nivumilie kidogo mzee. Naanzia huko kwa sababu wenzetu walitoboa mabonde yao ya milimani kabla yetu, wengine kwa hela ya serikali kabisa, faida wameila, hasara wameiona, na cha muhimu kuliko vyote, walikaa wakapima. Sisi huku tunabishana kwa macho tu.

Na ubishi wenyewe mnaujua, kila kikao ni huo huo. Kuna kundi linasema ukichimba mtaro bondeni mto unaongezeka, wanaapa kabisa, wameona maji yanatiririka mpaka Agosti pale ambapo zamani palikuwa na unyevunyevu tu. Kundi la pili linasema ukichimba mtaro mto unakufa, nao wanaapa, wanakuonyesha kisima cha bibi fulani kilichokauka. Mi nasema hivi: wote mmeona kweli. Ila mmeona miaka tofauti. Hapo ndipo nataka tukae leo, kwamba mfereji haupunguzi mvua wala hauongezi mvua, unachofanya ni kuyatoa leo maji ambayo yangetoka kesho kutwa, na ukishayatoa leo usije kuyadai kesho kutwa.

Sasa tuanze na udongo wenyewe. Kuna udongo unaitwa peti. Ni mweusi au wa kahawia iliyokolea, mwepesi ukikauka, na ukiulowesha unakuwa mzito vibaya mno. Sio mfinyanzi, sio mchanga, ni majani na mizizi iliyokufa ambayo haikuoza vizuri kwa sababu imekaa ndani ya maji muda wote, hewa haifiki, na vile vijidudu vya kuozesha bila hewa vinafanya kazi kwa kusuasua. Kila mwaka majani mapya yanafia juu ya ya zamani, tabaka linapanda. Linapanda kidogo sana, kwa wastani kama milimita moja kwa mwaka, yaani ukikuta kina cha mita moja hapo una kazi ya miaka kama elfu moja. Alafu mtu anakuja na jembe, wiki moja tu kashapita.

Udongo huu ukiwa hai, karibu asilimia 90 yake ni maji. Mnaelewa nachosema? Ukikanyaga pale unakanyaga maji yaliyoshikwa na nyuzinyuzi. Ardhi ya namna hii ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, lakini kaboni iliyofungwa humo ni nyingi kuliko iliyo kwenye miti ya misitu yote ya dunia ukiijumlisha. Hiyo ya kaboni leo sitaiongelea sana, wenye semina za kaboni wapo na wana posho zao (vicheko). Mi niko kwenye maji.

Ziko wapi? Scotland, Ireland, milima ya Uingereza kaskazini, milima ya Šumava kule Czech, Finland imejaa. Afrika msidhani hatuna. Rwenzori juu kule zipo, milima ya Lesotho zipo, Rwanda zipo, Burundi hapo jirani wanaichimba peti, wanaianika, wanachoma kama kuni. Na kubwa kuliko zote za ukanda wa joto iko bonde la Kongo, wataalamu waliichora ramani yake mwaka 2017 wakakuta ni zaidi ya kilomita za mraba 145,000. Ila hiyo ni ya tambarare, leo tunaongelea za milimani, ambazo mteremko unabadilisha mambo.

Na msije mkatoka hapa mkisema nimesema kila bonde la Kasulu ni peti. Hapana. Mabonde mengi ya huku ni tope lililoshushwa na mvua kutoka vilimani, mfinyanzi na mchanga. Lakini kuna yale mabonde membamba ya juu, yaliyojaa mafunjo, ukizamisha fito inaingia tu inaingia tu, ukiitoa imepakaa weusi na nyuzinyuzi za mizizi na ina kaharufu fulani. Ukiona hivyo ujue hapo umesimama kwenye udongo wa ukoo huo, na nitakayosema yanakuhusu moja kwa moja.

Haya, kuna msemo mmoja wa vitabuni nataka niuvunje kwanza. Watu wote wa mazingira wanasema bonde la milimani ni sponji, linanyonya mvua masika, alafu linaachia kiangazi taratibu. Inapendeza kuisikia, hata mi niliikuta shuleni. Shida yake ni kwamba sponji inayonyonya ni ile kavu. Bonde la peti lililo hai halijawahi kukauka, maji yake yamekaa sentimita 10 au 20 tu chini ya uso, wakati mwingine yako juu kabisa. Mvua kubwa ikinyesha pale nafasi ya kuweka maji mapya ni ndogo, kwa hiyo maji mengi yanateleza juu juu na kushuka. Na kiangazi kikali nako, wale waliopima kwenye vilima vya Uingereza walikuta vijito vinavyotoka kwenye peti peke yake vinapungua sana, havitiririki kama watu wanavyodhani.

Mzee mmoja hapo akanikatisha: "Sasa kijana, kama halinyonyi na halitoi, kuna ubaya gani tukilitoboa?"

Swali zuri sana mzee wangu na ndilo lenyewe. Jibu liko kwenye matabaka. Bonde la namna hii lina tabaka mbili. La juu ni jembamba, limelegea, majani na mizizi mibichi, maji yanapita humo haraka. La chini ni nene, limebanana, maji humo yanatembea polepole kiasi kwamba siku nzima inaweza kuisha hayajapita upana wa kidole. Sasa ile tabaka ya juu ndiyo inayofanya kazi yote. Maji yakijaa yanapita humo kwa wepesi, yakipungua yanashuka yanakutana na tabaka iliyobanana, yanagoma kutoka. Yaani bonde lenyewe linajizuia lisikauke. Halikupi maji mengi kiangazi, ni kweli, lakini halijimalizi, na kwa kuwa halijimalizi mimea yake haifi, na majani yale mapana na vishina vya mafunjo na majani mafupi vinayachelewesha mafuriko yanapopita juu juu. Tofauti ya maji kupita kwenye uso wenye majani na kupita kwenye uso mtupu ni kubwa, hilo hata wewe mzee unalijua shambani kwako.

Sasa leta mfereji. Uingereza baada ya vita vya pili vya dunia serikali ilikuwa inatoa ruzuku watu wachimbe mitaro milimani, wapate malisho ya kondoo na sehemu za kuwindia ndege. Ikachimbwa maelfu ya kilomita, mistari mistari, mingi kina chake hakifiki mita moja. Na ajabu ni kwamba malisho hayakuwa mazuri kiasi kile walichotegemea, kwa sababu ile tabaka ya chini imebanana, mfereji unakausha mita chache tu kila upande. Mtu anachimba, anarudi baada ya mwaka, katikati ya mtaro na mtaro bado kuna tope. Anasema aah, mitaro ni michache, anaongeza mingine.

Lakini mlimani kuna mteremko. Mfereji ukikatiza mteremko, upande wa juu unabaki na maji yake, unapata ya juu yake, ila upande wa chini umeshanyimwa. Maji yaliyokuwa yanashuka kwa upana wote wa kilima, yakigusa kila kitu, sasa yamekusanywa kwenye mstari mmoja yanapelekwa pembeni. Kwa hiyo anayekauka sio aliyechimba peke yake, ni wa chini yake pia, na wa chini ndiye anayekuja ofisini kulalamika.

Mafuriko je, yanaongezeka au yanapungua? Hapa wataalamu walishikana mashati miaka mingi. Waliopima Moor House, kaskazini mwa Uingereza, miaka ya 1950, walikuta maeneo yenye mitaro yanatoa maji haraka na kwa kishindo. Waliopima Glenamoy, Ireland, wakakuta kinyume chake, sehemu isiyo na mtaro ndiyo inayotoa kishindo. Nani muongo? Hakuna. Mitaro iliyosongamana inashusha maji ya chini, ardhi inapata nafasi, mvua inayokuja inapata pa kuingia, kishindo kinapungua. Mitaro iliyoachana, kwenye udongo ule uliobanana, haishushi kitu cha maana, ila imeweka barabara ya maji mpaka mtoni, kishindo kinaongezeka. Inategemea pia mitaro iko wapi. Ikiwa karibu na mto, maji yake yanaweza kutangulia kupita kabla ya maji ya juu hayajafika, ikiwa mbali yanaweza kufika pamoja, hapo mtajuta. Ndio maana mtu akisimama hapa akasema "mifereji inaleta mafuriko" bila kuangalia bonde lenyewe, mi simuelewi, na anayesema "mifereji inazuia mafuriko" naye simuelewi.

Kwenye jambo moja lakini wote wanakubaliana, nalo ndilo linaloniogopesha kuliko mafuriko. Ni kinachotokea baadaye.

Mwaka wa kwanza na wa pili mfereji unakupa maji, na hayo ndiyo kundi la kwanza waliyaona, yale ya mpaka Agosti. Hayo sio maji ya mvua ya mwaka huo, ni akiba ya zamani inavuja. Udongo ukipoteza yale maji yaliyokuwa yanaushikilia, unashuka. Alafu hewa inaingia, vijidudu vinaamka, vinaanza kula kile kilichokusanywa miaka elfu, na ardhi inaendelea kushuka maana inaisha kweli kweli, inageuka hewa. England kuna sehemu inaitwa Holme, sio mlimani lakini mfano wake haupingiki. Walipokuwa wanakausha ziwa na kinamasi pale wakazamisha nguzo ya chuma mwaka 1851, ncha yake ikalingana na uso wa ardhi. Leo ile nguzo imesimama hewani kama mita 4. Nguzo haikupanda. Ardhi ndiyo imeshuka.

Ukikauka zaidi, unapasuka. Nyufa zinaingia ndani, maji yanapata njia za chini kwa chini, yanachimba vimatundu vinavyokuwa mapango madogo, na hapo huna tena habari ya tabaka la kuzuia, maji yanapita humo humo yanatoka kilimani yakiwa ya rangi ya chai. Na peti ikishakauka kabisa ina tabia moja mbaya, inakataa maji. Unaimwagia, yanateleza juu. Mfereji wenyewe nao haukai ulivyouchimba, kwenye mteremko unakula kingo na sakafu, wa nusu mita unaweza kuwa korongo la kumficha mtu. Kwahiyo kile kisima cha bibi kundi la pili walichokiona kimekauka, hicho ni miaka ya baadaye ya mfereji ule ule uliowafurahisha kundi la kwanza.

Kuna na upande wa hewani, huu napita haraka. Bonde bichi linarudisha maji mengi angani kupitia majani na uso wake. Ukilikausha uso, mvuke unapungua, kwa hiyo kwa mwaka mzima mto unaweza hata kupata maji zaidi, ila yanakuja kwa vipindi vibaya. Ukipanda miti juu yake hesabu inageuka, kama Finland ambako karibu nusu ya maeneo yao ya peti waliyachimba mitaro wapate misitu ya mbao, miti ikikua inakunywa, na mvua nyingine inaishia kwenye majani haifiki chini. Huku kwetu watu wanapanda mikaratusi bondeni alafu wanashangaa.

Sasa tushuke Rwanda.

Kaskazini mwa Rwanda kuna bonde linaitwa Rugezi, liko juu kama mita 2,000 toka usawa wa bahari, limejaa peti na majani ya jamii ya mafunjo. Maji yake yanaingia ziwa Burera, kutoka Burera yanashuka kama mita 100 hivi mpaka ziwa Ruhondo, na pale katikati kuna mtambo wa umeme wa Ntaruka, chini zaidi kuna mwingine wa Mukungwa. Mnaona mnyororo ulivyo? Bonde juu, ziwa, umeme, ziwa, umeme. Watu wakahitaji mashamba, na Rwanda ardhi ni ndogo na watu wengi, wakachimba mitaro, wakalima. Kufika 2003 na 2004 Burera imeshuka, Ntaruka ambayo ina uwezo wa megawati kama 11 ikawa inazalisha sehemu ndogo tu, nchi ikaingia kwenye mgao, ikabidi wakodi jenereta za dizeli. Sisi wa Kigoma tuliokula miaka na jenereta za dizeli hatuhitaji kuelezwa bei yake.

Tuwe wakweli hapa, sio mitaro peke yake. Mvua zilikuwa haba miaka ile, na mtambo wenyewe ulikuwa unavuta maji ya ziwa kuliko yanayoingia. Lakini ndio hatari yenyewe, mvua ikiwa nzuri mfereji hauonekani ubaya wake, mvua ikikosekana ndio unagundua akiba uliitoa miaka kumi iliyopita ukaiona ni faida.

Serikali ikasimamisha kilimo na malisho ndani ya Rugezi, ikazuia mitaro, pembeni wakapanda mianzi na majani, vilimani wakaweka kingamaji. Miaka iliyofuata ziwa likapanda, umeme ukarudi, na mwaka 2010 wakapewa tuzo ya kimataifa. Mi naipongeza, ila sipendi inavyosimuliwa. Inasimuliwa kama vile bonde lilikuwa tupu. Kulikuwa na watu wanalima mle, chakula chao kilikuwa mle, waliolipa bili ya umeme wa mjini kurudi ni wao.

Mama mmoja akasema: "Ndio tunachoogopa hicho. Mnatupigia hesabu za maji alafu kesho mnakuja na mita sitini zenu."

Mama yangu, zile mita 60 za kukatazwa shughuli za kudumu kutoka ukingo wa mto ziko kwenye sheria ya mazingira ya 2004, sijazileta mimi na siwezi kuziondoa. Lakini nisikilize nilichokuja nacho. Mito yetu ya huku, Ruchugi na wenzake, inaingia Malagarasi, na Malagarasi hiyo ndiyo inalisha eneo la Malagarasi-Muyovozi, la kwanza la Tanzania kuingia Ramsar, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2000, zaidi ya hekta milioni 3. Samaki wa ziwa Sagara wanatoka humo. Na mradi wa umeme wa Malagarasi umepangwa kutoa megawati 49.5 kutoka mto huo huo. Siku mto ukipungua, wakubwa watapanda juu kutafuta nani alichimba, na hawatapima, watafukuza tu. Mi nataka siku hiyo nyinyi ndio muwe na vipimo mkononi.

Kwahiyo mambo yenyewe ni haya. Pale bonde linapobanwa na miamba au vilima viwili kabla ya kuingia mtoni, pale shingoni, pasiguswe kabisa na mtu yeyote, hata mwenyekiti. Shingo ikikatwa bonde zima la juu linashuka, hata ambao hawajachimba. Mitaro ya ndani iwe mifupi ya kina, na iwe na vizuizi, magunia ya mchanga au mbao, ili kiangazi uzibe maji yabaki karibu na mizizi ya maharage yako, maana ukikausha mpaka mita nzima hata wewe unamwagilia kwa ndoo Julai, faida yake nini? Juu kabisa kwenye mafunjo na tope jeusi pabaki palivyo.

Kijana wa Heru akauliza kama mitaro ya zamani ikizibwa maji yatarudi lini.

Kiwango cha maji kinarudi mapema, msimu mmoja wa mvua unaweza kutosha, Czech wameziba mitaro Šumava tangu 1999 na sehemu nyingi maji yalipanda haraka. Lakini udongo ulioshuka haufumuki tena ukawa ulivyokuwa, ule uliooza umeshaenda, na nyufa za chini huzioni uzibe. Mimea inarudi kwa miaka, mingine hairudi. Mtaro wa mwaka jana zibeni mwaka huu, wa miaka ishirini huo ni kazi ya kizuizi kila baada ya hatua chache kufuata mteremko, ukiweka kimoja kikubwa mwishoni kitabebwa masika ya kwanza.

La mwisho ni mabomba. Nimekuja na bomba za PVC, kila moja inatobolewa matundu, inazamishwa bondeni mpaka chini, unaingiza fito iliyokaushwa, unasoma imelowa wapi. Moja shingoni, moja katikati, moja juu kwenye mafunjo, na moja upande wa chini wa mtaro kwa yule anayelalamika. Anayesoma awe mtu mmoja wa kundi la kwanza na mmoja wa kundi la pili, waende pamoja, waandike kwenye daftari moja, kila Jumamosi asubuhi kabla ya soko. Majina nimeshapewa mawili, nahitaji wawili wengine, na safari hii nataka kina mama maana nyinyi ndio mnashinda kule.

Matundu tunatoboa hapa hapa nje baada ya chakula. Mwenye msumari mrefu aje nao, moto upo jikoni.